Michael Faraday na Chupa za Dhahabu Nyekundu

Muhula uliopita nilishikwa na homa kali usiku, na kulipopambazuka kiongozi wa bweni letu akanipeleka zahanati. Nesi akanichoma kidole, akatia tone la damu katika kijibao cheupe cha plastiki, akaongeza matone machache ya dawa, akaniambia ningoje dakika 15. Nikakitazama kijibao kile kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kutazama. Kwanza ulitokea mstari mmoja mwekundu, ambao hutokea kwa kila mtu kuonyesha kwamba kipimo ni kizima. Kisha, polepole, ukatokea na wa pili, nao ulikuwa wa malaria.

Nilipopona nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia mistari ile ni ya wino gani. Akajibu kwamba si wino, ni dhahabu. Nikacheka, maana dhahabu niijuayo mimi ni ya manjano, tena sikuona ni nani awezaye kumpa mwanafunzi asiye na senti dhahabu ya bure. Mwalimu hakucheka. Alinituma maktaba nikasome maisha ya Mwingereza mmoja, mwana wa mhunzi, aliyekufa zaidi ya miaka 150 iliyopita, na haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika makusudi katika sehemu hii ya Kiswahili, kwa kuwa mwenzangu mmoja wa sehemu ya Kiingereza alisema mbele ya watu kwamba habari za elimu kama hii haziwezi kuelezwa kwa Kiswahili zikaeleweka. Ninyi mtaamua baina yetu.

Michael Faraday alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 mahali paitwapo Newington Butts, ambapo siku hizi ni ndani ya mji wa London. Baba yake, James, alitoka kaskazini kuja kutafuta kazi ya uhunzi, lakini hakuwa na afya njema, na siku nyingi hakuweza kufanya kazi. Mwaka 1801, chakula kilipopanda bei sana, mtoto Michael alipewa mkate mmoja wa kumtosha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Jamaa yake walikuwa wa kanisa dogo la Wasandemani, ambao waliona kujilimbikizia mali kuwa ni kinyume cha Maandiko. Namwomba msomaji alishike neno hili, maana litarudi.

Alipokuwa na miaka 13 aliajiriwa na Bwana George Riebau, mwenye duka la vitabu, kuwa mtoto wa kutumwa. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea watu magazeti ya kuazima na kuyafuata tena wamalizapo kuyasoma. Mwaka uliofuata, yaani 1805, akaandikishwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa miaka 7, wala baba yake hakutozwa ada, kwa kuwa Bwana Riebau aliridhika na uaminifu wake. Basi kijana huyu akawa anavishona vitabu mchana na kuvisoma usiku. Kitabu kimoja cha kemia cha bibi aitwaye Jane Marcet, kilichoandikwa kwa watu wasiojua lolote, kilimfungua macho. Kitabu kingine, cha maarifa ya kila namna, kililetwa kujalidiwa. Ndani yake mlikuwa na habari za umeme, naye akajiundia mtambo mdogo wa kutoa cheche, kwa fedha kidogo aliyoweza kuibana. Ada ya shilingi moja ya kila hotuba ya jioni aliyotaka kuhudhuria ililipwa na ndugu yake Robert, aliyekuwa mhunzi kama baba yao. Huyu Robert watu hawamtaji sana, lakini mimi niliye na kaka anayenilipia namtaja.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka lile alimpa Faraday tikiti za kwenda kusikiliza hotuba nne za Sir Humphry Davy katika Royal Institution, nyumba ya elimu iliyo London hata leo. Davy alikuwa mwanakemia mwenye sifa kuliko wote Uingereza. Faraday aliketi juu ghorofani, akaandika kila alichokisikia, akachora picha za vyombo, kisha akazijalidi karatasi zake zikawa kitabu. Alikuwa amekwisha kumwandikia mkuu wa Royal Society, chama cha wataalamu, akiomba kazi yoyote ile, asipate jibu hata moja. Sasa akampelekea Davy kile kitabu. Davy alimwita akasema naye kwa wema, akamshauri abaki na kazi yake ya kujalidi. Ushauri huo ulikuwa wa busara, na kama Faraday angeufuata mimi nisingekuwa na la kuandika. Lakini mapema mwaka 1813 msaidizi wa maabara alipigana na fundi wa vyombo akafukuzwa, na tarehe 1 Machi Faraday akapewa nafasi yake, kwa mshahara wa shilingi 25 kwa juma na vyumba viwili vya juu.

Miezi michache baadaye Davy alifunga safari ya Ulaya pamoja na mkewe, akamchukua Faraday kuwa msaidizi wake. Mtumishi wa Davy aliogopa kwenda Ufaransa, maana kulikuwa na vita, ikawa Faraday ameombwa afanye na kazi za mtumishi mpaka mwingine apatikane. Hakupatikana. Mke wa Davy alimfanya mtumishi kweli kweli, akala na watumishi na kuamriwa kama wao, hata akafikiri kuacha yote na kurudi kwenye gundi na nyuzi zake. Hata hivyo katika safari hiyo alionana na Ampère huko Paris na mzee Volta huko Milan, na huko Florence aliona almasi ikiunguzwa kwa jua lililokusanywa na kioo kikubwa. Alirejea London mwaka 1815 na vyumba vyake vya juu vikamngoja. Ndani ya nyumba ile ndimo alimofanya kazi karibu maisha yake yote.

Mambo yaliyompatia sifa kubwa nitayapita upesi, kwa sababu yamo katika vitabu vyetu vya darasani. Mwaka 1821 alioa Sarah Barnard, binti wa kanisa lake, na mwaka huo huo akaufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku. Ndio mwanzo wa mota. Tarehe 29 Agosti 1831 alikuwa na pete ya chuma iliyozungushiwa nyaya mbili zisizogusana, akaona kwamba umeme ukifunguliwa au kufungwa katika waya mmoja, sindano iliyounganishwa na waya wa pili hushtuka. Katika majuma yaliyofuata akapata umeme kwa kuingiza sumaku katika koili na kuitoa. Anayetaka kuona ukubwa wa jambo hilo na aende Jinja, kwenye bwawa la mto Nile lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Mitambo yote mle inafanya kwa ukubwa yale aliyoyafanya yeye kwa mkono.

Lakini yako matatu yasiyotajwa sana, nayo ndiyo yaliyonishangaza mimi.

La kwanza ni la mwaka 1833. Kila mwanafunzi anajua kwamba waya wa shaba ukipashwa moto hupitisha umeme kwa shida zaidi. Faraday aliijaribu fedha iliyoungana na salfa, akaona kinyume chake: ikiwa baridi ilipitisha umeme kidogo tu, ikipata moto ikaupitisha vizuri. Akaandika aliyoyaona, asiweze kueleza sababu, wala katika wakati wake hapakuwa na awezaye, kwa kuwa elektroni hazikugunduliwa mpaka mwaka 1897. Vitu vya namna hiyo, visivyokuwa vipitishio kamili wala vizuizi kamili, ndivyo vilivyokuja kuzaa transista mwaka 1947. Silikoni ni mmojawapo wa vitu hivyo, na katika simu moja ya leo mna transista kwa maelfu ya mamilioni, sehemu zake zikipimwa kwa nanomita. Nanomita ni hivi: chukua milimita moja, igawanye sehemu milioni moja, utwae sehemu moja. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi.

La pili ni la mwaka 1845. Kati ya miaka ya 1820 alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza vioo vizuri vya darubini, nayo ilimla miaka bila mafanikio. Kwa kazi ya tanuru aliajiri askari mstaafu wa mizinga, Sajini Anderson, mtiifu mno. Husimuliwa kwamba jioni moja Faraday alisahau kumwambia aende nyumbani, na asubuhi akamkuta bado anachochea moto. Katika masalio ya kazi hiyo kilibaki kipande cha kioo kizito chenye risasi ndani yake. Miaka mingi baadaye, Septemba 1845, Faraday alikiweka karibu na sumaku kali, akapitisha ndani yake nuru iliyochujwa hata ikatikisika upande mmoja tu, akaona mtikisiko ule umegeuka kidogo upande mwingine. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kuonyesha kwamba sumaku na nuru zina uhusiano. Siku hizi jambo hilo hutumika kutengeneza vijilango vya nuru, vinavyoiruhusu kwenda mbele na kuizuia kurudi, katika mitambo ya leza na ya nyuzi za kioo zinazobeba habari. Kioo kilichoshindwa kuwa darubini ndicho kilichofanya hayo.

La tatu ndilo la dhahabu. Faraday alikuwa sasa na miaka 64. Kumbukumbu yake ilikuwa imeharibika. Tangu karibu mwaka 1840 aliugua kichwa na kizunguzungu, akasahau hata majaribio aliyokwisha kuyafanya mwenyewe. Kinga yake ilikuwa daftari. Kila alichokifanya alikiandika na kukitia namba, na mpaka mwisho namba zile zilipita 16,000. Mwaka 1856 alianza kuichunguza dhahabu kwa sababu hufulika ikawa nyembamba kuliko metali nyingine zote. Karatasi ya dhahabu ya mafundi wa wakati wake aliikadiria kuwa na unene wa sehemu moja ya inchi iliyogawanywa mara 282,000, ambao kwa kipimo chetu ni nanomita 90 hivi. Alijua kwamba wimbi la nuru lenyewe ni refu kupita hapo mara kadhaa. Basi akajiuliza nuru itafanya nini ikikutana na kitu chembamba kuliko yenyewe.

Karatasi ile ukiitazama kwa juu ni ya manjano, lakini ukiiinua mbele ya dirisha nuru ipitayo ndani yake ni ya kijani. Aliielekeza juu ya maji yenye sumu ya sianidi ikaliwa polepole, ikazidi kuwa nyembamba. Aliilaza juu ya kioo akaipasha moto, ule ukijani ukapotea. Akaisugua kwa jiwe gumu, ukarudi. Alizilipua nyaya za dhahabu kwa umeme akaukusanya moshi wake. Mwisho akachukua maji yenye chumvi ya dhahabu, akatia fosforasi kidogo, akaacha. Maji yakageuka mekundu kama divai.

Wengi wangesema fosforasi na dhahabu zimeungana zikawa kitu kipya chekundu. Faraday hakusema hivyo. Aliipitisha nuru ya jua katika lenzi mpaka ndani ya chupa, na ndani ya maji yale, ambayo kwa macho yalikuwa safi kabisa, mwanga ukaonekana njia yake, kama mwali uingiao kwa tundu la bati katika nyumba yenye moshi. Katika maji matupu mwali haungeonekana. Kwa hiyo akakata shauri kwamba mle mna punje, tena ni punje za dhahabu yenyewe, isiyobadilika ila kwa udogo tu, ndogo hata darubini yake bora haikuweza kuziona. Akatia chumvi kidogo, maji mekundu yakawa ya buluu. Akagundua pia kwamba chupa ikiwa na uchafu mdogo tu kazi yote inaharibika. Mambo hayo aliyasoma mbele ya Royal Society tarehe 5 Februari 1857.

Sasa ngoja nijaribu kueleza sababu, ambayo Faraday hakuijua. Katika dhahabu mna elektroni zisizofungwa mahali pamoja. Nuru ipigapo punje, elektroni zake husukumwa huku na huku kwa pamoja, kama maji ndani ya ndoo iliyochukuliwa kichwani. Mchukuzi akienda kwa mwendo fulani maji hupanda yakamwagika mabegani. Akiupunguza au kuuzidisha, hutulia. Kwa punje ndogo ya dhahabu iliyo ndani ya maji, mwendo wa kumwagika ni ule wa nuru ya kijani, yenye wimbi la nanomita 520 hivi. Basi kijani humezwa, nyekundu hupita, na jicho letu huona wekundu. Chumvi ikizifanya punje zishikane, mwendo huo hubadilika, nyekundu nayo ikaanza kumezwa, ikabaki buluu. Hesabu kamili ya jambo hili ilitolewa na Mjerumani Gustav Mie mwaka 1908. Miaka michache kabla yake Richard Zsigmondy alikuwa ameunda chombo cha kuziona punje hizo kwa nuru iliyopigwa kwa ubavu, na kwa kazi yake juu ya maji ya namna hii akapewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1925.

Faraday mwenyewe hakuridhika. Alimwandikia rafiki yake kwa mzaha kwamba mlima umezaa panya. Alikuwa akitumaini kwamba dhahabu ingemwonyesha siri ya nuru yenyewe, naye hakuiona.

Yako mambo mawili juu ya tabia yake ambayo sijayamaliza moyoni. Moja ni hesabu. Faraday hakujua aljebra. Katika kazi zake hutaona fomula, ila mistari ya nguvu za sumaku aliyoifikiri kama nyuzi zilizotanda hewani. Mimi ambaye hesabu hunitoa jasho nilifurahi sana kusoma hayo, nikakimbia kumwambia mwalimu. Akanipunguzia furaha kwa kunionyesha kwamba mistari ile ilihitaji Bwana James Clerk Maxwell, hodari wa hesabu, kuigeuza fomula ambazo mafundi wote wa umeme na nuru huzitumia leo. Nikamjibu kwamba Maxwell asingekuwa na cha kugeuza. Ubishi huo haujakwisha, na mtihani wangu wa hesabu uko palepale.

Jingine ni kanisa. Sisi tunaosoma katika shule za misheni huulizwa mara nyingi kama elimu na imani zaweza kukaa nyumba moja. Faraday alikuwa mzee wa kanisa lake mara mbili. Hata hivyo mwaka 1844 alitengwa pamoja na wengine wengi kwa muda, kisha akarudishwa. Wakati huo alikuwa mtu maarufu wa Ulaya nzima, naye alikubali kurudi katika benchi la nyuma. Alikataa kuwa mkuu wa Royal Society, akaacha kazi za kulipwa na wenye viwanda ambazo zingemtajirisha. Wengine husema ni ujinga. Mimi nadhani alikumbuka yale aliyofundishwa na baba yake juu ya mali. Sijui kama mimi ningeweza.

Hakuacha kujaribu. Machi 1862 aliweka mwali wa moto kati ya ncha za sumaku kubwa aone kama rangi zake zitabadilika. Hakuona kitu, akaandika hivyo katika daftari. Jambo lilikuwapo, ila vyombo vyake havikutosha: Mholanzi Pieter Zeeman aliliona mwaka 1896. Tangu mwaka 1858 Malkia Victoria alikuwa amempa Faraday nyumba ya kukaa huko Hampton Court, na humo alifariki tarehe 25 Agosti 1867, akiwa ameketi kitini pake. Alizikwa Highgate bila fahari yoyote, kama alivyotaka.

Nimebakiza kile kijibao cha zahanati. Punje nyekundu za dhahabu hufungiwa kinga za mwili zilizotengenezwa maabara, ambazo hukamata kitu fulani kitolewacho na vijidudu vya malaria. Damu ikiteremka katika karatasi hubeba punje hizo, na zikifika penye mstari hunaswa zikarundikana maelfu kwa maelfu, mpaka macho yetu yaone wekundu. Hakuna mkojo wala damu iliyowekwa rangi hapo. Ni ile rangi ya chupa za mwaka 1856.

Baadhi ya chupa hizo bado ziko Royal Institution, na maji yake hata leo ni mekundu, punje hazijazama chini. Kijibao changu nesi hakuniruhusu kukichukua, maana kilikuwa na damu, akakitupa katika sanduku la vitu vya kuchomwa. Mwalimu ameahidi kutuonyesha kipya kisichotumika muhula ujao, na yule mwenzangu wa sehemu ya Kiingereza amesema atakuja kutazama.